Tarehe ya Uongo

Meneja aligeuza skrini ili mhandisi ajisomee mwenyewe. Mtandao mmoja wa tetesi ulikuwa umetangaza kwamba prosesa zao mpya za kompyuta za mezani zitaingia sokoni tarehe kumi na tisa Mei.

"Kila mmoja wenu nilimpa tarehe yake ya uongo," meneja alisema. "Hii nilikupa wewe peke yako."

Mhandisi aliutazama ukucha wa kidole chake gumba. Chini yake kulikuwa na mafuta ya kijivu, yale ya kupoozea prosesa, yaliyogoma kutoka tangu jana. Alianza kuyachokoa taratibu kwa ncha ya kalamu, kana kwamba hana kazi nyingine duniani.

"Miaka kumi na moja niko hapa," alisema. "Leo ndiyo niuze siri?"

"Usinichezee akili, dada. Ulimwambia nani?"

"Mume wangu tu. Aliniuliza nitapata likizo lini."

"Kikulacho," meneja alisema, na hakumalizia. "Au mnakula pamoja?"

Mhandisi aliweka kalamu chini. Akatoa simu, akampigia mumewe na kuiweka kwenye spika.

"Mke wangu," mume aliitika kwa uchangamfu. "Vipi kazi?"

"Mbaya. Prosesa zimeahirishwa mpaka Septemba. Usimwambie mtu."

"Mimi tena? Nimwambie nani? Pole sana, mpenzi."

Mume akasahau kukata simu. Mhandisi na meneja wakasikia vitufe vya kibodi vikianza kubonyezwa harakaharaka.