Ndani ya Tanuri la Mkate

Walimvuta Paesi kwa miguu kutoka ndani ya tanuri, ndevu zimejaa majivu. Watawa wa jangwa lile huoka mkate wa mwaka mzima kwa mkupuo mmoja, kisha tanuri hulala baridi. Hakuna ambaye angechungulia humo, isipokuwa mtu aliyemjua vizuri.

Mtu huyo alikuwa Hatre, mtawa jirani yake.

"Umeniuza, Hatre!"

"Nisamehe, Baba. Waliniuliza, na mimi sijui kusema uongo."

"Miaka yote hii tunasuka vikapu pamoja, leo ndiyo umekumbuka hujui uongo?"

Wanaume wanne walikuwa wametoka Aleksandria na minyororo. Mkubwa wao, Kolutho, pande la mtu, alimfunga mikono mwenyewe, polepole, kana kwamba anaogopa kumchubua.

"Mmekosea mtu," Paesi akajitetea. "Mimi mwizi. Nimeiba ngano ya ndugu zangu. Mlevi pia!"

Kolutho akacheka. "Hata aliyekutangulia alijiita mlevi. Tulimfunga vilevile."

"Na sasa yuko wapi?"

"Kwani hujasikia? Amefia kulekule. Juzijuzi tu tumemzika."

Paesi akaketi mchangani, wakamwinua. Hakuwahi kuomba makubwa duniani: chumba chake cha udongo, makuti yake ya kusuka, na kimya. Sasa hata hivyo vilikuwa vinamponyoka, na roho ilimuuma.

Walipofika mtoni wakampakia kwenye mashua. Akajirusha majini na minyororo yake. Wakamvua kama kambale, wakamfunika nguo kavu, wakamfunga tena kwenye mlingoti.

"Nitakaa huko mpaka lini?" akauliza, meno yakigongana.

"Mpaka ufe, Baba. Wazee wote wamekubaliana. Hakuna hata mmoja aliyekutetea."

Aleksandria watu walikuwa wamejaa hadi juu ya mapaa. Babu yake Paesi alipitishwa barabara hiyohiyo kwa minyororo, enzi zile watu walipouawa kwa kumkiri Kristo, na husemekana alikwenda akiimba. Paesi alikwenda akilia, wala hakujificha. Alimwonea babu yake wivu. Mateso ya babu yaliisha siku ileile.

"Anastahili!" umati ukapiga kelele. "Anastahili!"

Akageuka kutafuta upenyo. Nyuma yake palikuwa na watu, kulia watu, kushoto watu. Wakamsukuma ndani ya jengo kubwa, na milango ikafungwa. Wakamkalisha kwenye kiti kirefu cha mawe, wawili wakimshika mabega asiinuke.

Ndipo Kolutho akamfungua minyororo. Akapiga magoti, akaibusu ile mikono iliyochubuliwa na chuma.

"Haya, tubariki," akasema, "Baba Askofu."