Futi Thelathini Kutoka Mlangoni

Mwaka wa 1949, mkaguzi wa afya wa mji wa Nyamira alipima futi thelathini za sheria kutoka mlangoni, na kamba yake ikaishia juu ya kaburi la mwenye nyumba.

"Choo kitachimbwa hapa," mkaguzi alisema. "Karani, msomee mjane sheria kwa Kikisii."

Karani Makori alifungua kitabu cha sheria kwa mikono ileile iliyofukia kaburi hilo mwaka uliotangulia.

"Kaburi ni mahali palipoandikishwa ofisini," alisoma. "Pasipoandikishwa ni uwanja mtupu."

Mkaguzi akapigilia kigingi. Udongo mwekundu ukamrukia Makori kiatuni.

Mjane hakulia. Aliingia ndani, akarudi na jembe, akamkabidhi Makori.

"Chimba, mwanangu. Ukimfikia, msomee na yeye."