Mkasi, Mara Tatu

"Weka ufunguo wa ofisi mezani, halafu toka," alisema mwenye programu.

Shemeji yake hakuuweka. Alibaki kwenye kiti chake kibovu, anausoma kwa mara ya nne ujumbe uliokuwa kwenye kompyuta: *Programu yenu imeondolewa dukani. Imethibitika kuwa inawaelekeza wateja kulipa nje ya Duka.*

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya mama. Programu yao ya simu iliwasaidia mafundi cherehani: unaingiza vipimo vya mteja, inakuchorea karatasi ya kukatia kitambaa. Mafundi elfu sita waliitumia, na hadi jana ilizilisha nyumba mbili, hii ya mama na ile ya dada aliyeolewa na shemeji. Leo hakuna kitu.

Duka, soko la mtandaoni ambako watu hupakulia programu za simu, lilikuwa linakata thelathini katika kila mia aliyolipa mteja. Haya, kata. Lakini pia lilikataza mteja kulipa kwa njia nyingine, na ole wako umnong'oneze kwamba ipo iliyo nafuu. Jeuri ilioje! "Wizi wa mchana kweupe," mwenye programu alikuwa akifoka kila siku tangu chai ya asubuhi, nyumba nzima ikimsikia, na kwa hilo hakukosea hata kidogo.

Ndipo wakatengeneza mlango wa siri. Ukibonyeza picha ya mkasi mara tatu, unafunguka ukurasa wa kulipa moja kwa moja kwao, Duka lisionje hata senti. Walikuwa hawajamwambia mteja hata mmoja. Waliujaribu mara moja tu, kwenye simu ya mama, kwa kuwa ilikuwa kuukuu kuliko zote. Ikikubali pale itakubali popote. Ikakubali. Wakamrudishia simu yake pale pale alipokuwa amesimama akiingoja, wakapeana mikono.

"Tulioujua ule mkasi ni wawili," mwenye programu alisema sasa, mshipa wa shingo umemtoka. "Mimi sikusema. Amebaki nani?"

"Shemeji, naapa..."

"Usiape! Hii nini?" Alimrushia kadi kifuani. Ilikuwa ya duka jipya la programu, wapinzani wa Duka, waliokuwa wakizunguka kwa watengenezaji na kuwaahidi kwamba wao watakata kumi tu. "Nimeikuta kwenye koti lako."

"Walinifuata wao. Nilitaka tuzungumze Jumatatu."

"Ulitaka tufukuzwe huku ili tuhamie kwao, wewe ukapewe cheo. Hata wiki iliyopita, nilipouomba ukoo mzima uipe programu nyota za sifa kule Dukani, wewe hukutoa hata moja!"

"Mtengenezaji haruhusiwi kujisifia. Ndiyo masharti yao."

"Ahaa! Leo masharti yao unayajua! Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walishasema."

Shemeji alisimama. Alikuwa mpole miaka yote, lakini upole nao una mwisho. "Miaka minne nimeandika kila mstari wa programu hii. Wewe kazi yako kushika simu na kubwata. Leo mimi ndiye mwizi?"

"Mwizi ana nafuu. Wewe ni msaliti."

Cherehani iliyokuwa ikilia chumba cha pili ikanyamaza. Mama akatokea mlangoni, tepu ya kupimia shingoni, pini mdomoni. Alizitoa pini moja moja ndipo akasema.

"Ukimfukuza mkwe wangu, umemfukuza na dada yako. Unalijua hilo?"

"Mama, haya ni mambo ya kazi. Usiyaingilie."

"Nisiyaingilie? Mimi nimekupigania kuliko hata unavyojua."

"Sala zako naziona, mama. Rudi ukashone."

Shemeji aliuweka ufunguo mezani taratibu, akachukua koti lake, akamuaga mama kwa heshima zote. Kwa mwenye programu hakugeuza hata uso.

Haikupita saa moja dada akapiga simu, sauti imekauka kwa kilio. "Kaka, umemwita mume wangu msaliti mbele ya mama? Baba wa mtoto wangu? Basi sikiliza. Kuanzia leo mwanangu hana mjomba." Akakata. Kaka alipompigia, simu ilikuwa imezimwa.

Roho ilimuuma, asikwambie mtu, lakini hasira ilikuwa juu zaidi. Akawaandikia Duka kwa vidole vya kugonga misumari: *Mhusika nimeshamfukuza. Nataka ushahidi wa alichowapelekea, nimfikishe mahakamani.*

Jibu lilikuja alasiri, likiwa na picha moja. Duka lilisema halikupelekewa chochote na mtu yeyote. Ushahidi lilikuwa limeukuta kwenye ukurasa wa programu yenyewe, mahali ambapo wateja wote huacha maoni yao.

"Anajificha kwenye jina la mteja, mwoga yule!" alipiga kelele. "Mama! Njoo, njoo umwone mkwe wako alivyotuuza!"

Mama akaja, akavaa miwani, akainama kando yake. Mwanawe akaifungua picha. Juu kulikuwa na nyota tano, zote zinang'aa. Chini yake paliandikwa:

*Hii kaitengeneza mwanangu, ni nzuri sana. Mafundi wenzangu, msilipie pale chini, Duka wanamnyonya. Bonyezeni mkasi mara tatu. Mungu awabariki.*

"Kumbe yalifika!" mama alisema, uso umemchanua. "Na mimi nilidhani sikubonyeza vizuri."