Mduara wa Majivu

Kila asubuhi Mwalimu Dou, mama mfupi asiyependa maneno, alimwaga majivu uani kwa umbo la mduara, na mwanafunzi wake Weilun akauzunguka mpaka jua limchome. Huu ulikuwa mwaka wa tatu. Kabla ya hapo, kwa mwalimu mwingine, alikuwa amejifunza miaka sita kwenda mbele kwa mstari ulionyooka, hatua na ngumi, hatua na ngumi. Ngumi ile ndiyo iliyokuwa fahari yake, na hapa hakuwa ameruhusiwa kuirusha hata mara moja.

Leo alisimama ghafla. "Mwalimu, hata ngamia wa kinu hupumzishwa! Nimechoka kuzunguka. Naondoka."

"Mlango ule pale," alijibu Mwalimu Dou, huku akifagia.

Weilun alijitupia kitita cha nguo zake begani, akakatiza uani moja kwa moja kuelekea mlangoni. Mara ufagio ukamjia kifuani. Hakufikiri. Mguu ulipinda kama ulivyozoea, kiuno kikazunguka, ufagio ukapiga hewa, na ngumi yake ikachomoka, imenyooka kama mshale. Aliizuia ikiwa imebaki unyoya tu kuzigusa mbavu za mwalimu.

Miaka yote sita ya mstari, ngumi hiyo haikuwahi kumfikia mwalimu wake wa zamani.

"Haya, nenda basi," alisema Mwalimu Dou, akarudi kufagia.

Weilun alitamani kutukana. Alitazama chini. Nyayo zake za majivu zilitoka mduarani zimenyooka, zikapinda pale ufagio ulipomjia, kisha zikanyooka tena. Mlango ulikuwa wazi. Ufagio ulikuwa unazikaribia nyayo hizo.