Mhojiwa Aliyekosekana

"Imetosha," Profesa alisema, akaifunga tasnifu. "Utaitetea mwezi huu huu."

Mama Vikaratasi nusura aangue kilio. Mwanafunzi mwingine angerukaruka. Lakini huyu ndiye Profesa waliyempa jina la Wembe, asiyepitisha ukurasa bila kuukatakata. Tangu mwaka uanze alikuwa akimwambia kazi yake haijaiva. Leo imeivaje, na kuni hazijaongezwa?

"Profesa, kuna pengo. Nimewahoji wanaoficha tu. Sijamhoji hata mmoja anayefichwa. Watahini wataniua."

Hakuwa anatania. Alishaanguka mara moja mbele ya watahini, na akianguka tena chuo kingemfungia mlango. Maji yalikuwa yamemfika shingoni.

Utafiti wake ulihusu familia zinavyomficha mgonjwa kwamba ugonjwa wake hauna tiba. Alikuwa ameketi kwenye mabenchi ya hospitali akiongea na wake, waume, watoto na mashemeji. Mbinu yenyewe alijifunza kwa jasho, maana hairuhusu mtu kwenda na nadharia mfukoni. Unasikiliza watu, unayaandika maneno yao, unayasoma mstari kwa mstari. Kila mstari unaupa jina kwenye kikaratasi, unalinganisha kikaratasi na kikaratasi, mpaka nadharia ichipuke yenyewe. Ukuta wa sebule yake ulikuwa hauonekani rangi kwa vikaratasi, na wenzake hawakutafuta mbali jina la kumbandika.

Kosa lake la mwanzo lilikuwa kuchanganya ya nyumbani kwake na ya wahojiwa. Hapo Wembe alimkata hasa. "Maisha yako yaache mlangoni," alimwambia. Akayaacha.

"Anayefichwa hahojiwi," Profesa alisema sasa, macho dirishani. "Ukimuuliza tu, umeshamwambia."

"Naomba mwaka mmoja nitafute njia. Si wewe mwenyewe Profesa uliyenifundisha, ukiona pengo rudi uwanjani?"

"Mwaka ni mrefu, mama." Sauti ilikuwa laini, si yake. "Mumeo alinipigia simu. Sote tunataka tukuone umevaa joho."

Kumbe! Mumewe amemzunguka. Alitoka ofisini kwa hasira, akashuka ngazi akisimama kila baada ya hatua chache kupumua. Tangu damu yake ipungue, ngazi zile zilikuwa mlima. Siku ya majibu ya vipimo yeye alikuwa kwenye mahojiano, mumewe akaenda kumchukulia. Damu kidogo tu, mumewe alimwambia, ale vizuri na apumzike. Apumzike lini, na watahini wanamsubiri?

Nyumbani alimkuta dada yake mkubwa akiosha vyombo. Alikuja kutoka mbali, eti amsaidie mdogo wake amalize shule, na habari za kurudi kwake hazitaji. Mama mkwe naye alikuwa amejaa tele sebuleni. Huyu zamani alisema vitabu havibembelezi mtoto, tena alisema mbele ya wageni. Leo alimmenyea chungwa, akamwondolea na mbegu.

"Soma mwanangu," alimwambia. "Wewe soma tu."

Mama Vikaratasi alipokea chungwa kwa aibu. Ikiwa hata mama mkwe anamhurumia, basi hali yake imekuwa mbaya kweli.

Mumewe alikuwa amesimama kwenye kiti, akirudishia ukutani vikaratasi vilivyodondoka. Mama mkwe, kuona sura ya mkwewe, akaondoka taratibu kwenda jikoni.

"Umempigia Profesa wangu? Kama umechoka na masomo yangu si useme!"

"Kweli, nimekosea," mumewe alisema. "Nisamehe."

Mwanaume huyu alikuwa akibishana hata na redio. Tangu waoane hajawahi kukubali kosa, sembuse kabla ya kukaripiwa mara ya pili.

"Basi kesho nakwenda kuandika barua. Naomba mwaka mwingine."

"Hapana, mama watoto. Tumalize hili kwanza." Alishuka kwenye kiti. "Ukishatetea tu, ile safari ya kwenda kwa mama yako unayoililia, twende. Wote."

"Na shule ya watoto?"

"Shule ipo tu. Watakosa wiki chache, si neno."

Mama Vikaratasi alikaa chini, akalia waziwazi. Alilia uchovu, alilia watahini, alilia kazi ya miaka inayokwenda kuzama kwa kukosa mtu mmoja wa kuzungumza naye. Mumewe alimshika bega.

Machozi yalipopungua, mkono wake ulivuta kikaratasi kitupu, kwa mazoea tu. Maneno ya mumewe akayapa jina, kama anavyofanya kwa mstari wowote wa mtu yeyote: *Kuharakisha anachokitamani.* Akainuka kutafuta pa kukibandika.

Pahali palikuwepo. Jina hilo alishaliandika zamani, na chini yake walikuwa wamejipanga wake na waume wa watu wengine. Pembeni yake: *Kukubali kosa upesi.* Pembeni tena: *Ndugu wa mbali kuja bila siku ya kurudi.* Alisimama pale kwa muda mrefu, akisoma polepole, kidole kikifuata mistari.

"Mama watoto," mumewe aliita, "mbona umenyamaza?"

Mama Vikaratasi alivuta kiti, akaketi wakitazamana, magoti karibu yaguse magoti.

"Nimempata mhojiwa wangu," alisema. "Sasa niambie, baba watoto. Daktari alisema nimebakiza muda gani?"