Kadi ya Kuazima

Kompyuta ilisema faili halipo, na Bwana Kadi akalichukulia neno hilo kama tusi. Miaka thelathini na moja alikuwa karani wa masjala, chini kabisa ya jengo lenye idara saba, na halikupotea faili hata moja mikononi mwake. Jina la Bwana Kadi alipewa na wenzake, kwa kuwa hakumpa mtu faili, hata awe mkurugenzi, mpaka iandikwe kadi ya kuazima na kuachwa pale lilipotoka.

"Baba, tuache tu," binti yake alisema. "Si riziki yangu."

Alikuwa na miaka ishirini na mitano. Mara tatu aliomba nafasi ya masomo ya uuguzi na mara tatu akakosa, na tangazo lilisema wazi kwamba mwenye miaka ishirini na sita hapokelewi. Leo ilikuwa siku ya mwisho ya kuomba, katika mwaka wake wa mwisho. Saa kumi jioni dirisha la maombi lingefungwa. Fomu za karatasi zilikwisha kufutwa. Siku hizi fomu ilijazwa kwenye programu maalumu, na programu hiyo ndiyo iliyogoma kufunguka tangu asubuhi.

Waliipeleka kompyuta kwa fundi wa mtaani, mama asiyependa maneno mengi. Akauliza jana walifuta nini. Binti akainamisha kichwa. Alifuta mchezo wa karata ili apate nafasi, kompyuta ikamuuliza kama yafutwe na mafaili ya pamoja, akakubali bila kusoma.

"Basi umejikaanga mwenyewe," fundi alisema.

Akawaeleza kwamba kuna faili moja ambalo programu nyingi hulitegemea, kila moja ikichota inapohitaji, kama nyumba tano zenye bomba moja uani. Mchezo ulipohama uling'oa bomba.

Bwana Kadi alimgeukia bintiye. Hakumkaripia; sauti yake ilikuwa imechoka. "Kitu wanachokitegemea wengi hakiondolewi hivi hivi, mama. Unauliza kwanza."

Fundi alijaribu kuipakua programu upya, lakini tovuti ilikuwa imezidiwa na watu wa dakika za mwisho. Ikafika asilimia nne, ikaganda. Mafaili ya kuokota mtandaoni hakuyataka, alikwisha kuletewa kompyuta nyingi zilizojaa virusi kwa sababu ya mafaili kama hayo. Njia iliyobaki ilikuwa kulipata faili lile kwenye kompyuta nyingine yenye programu za watengenezaji hao hao. Akaliandika jina la faili kwenye kikaratasi, akamwonyesha Bwana Kadi alama yao, ndege mdogo wa kijani, na kumwambia asitegemee sana.

Ndege yule Bwana Kadi alimjua. Alimwona kila siku alipopandisha mafaili ghorofa ya tatu, kwenye kompyuta ya pembeni kando ya kabati, ambayo haikuwa na mwenyewe, wala hata kiti.

Saa saba mchana, watu wameenda kula, alikuwa amesimama mbele ya kompyuta hiyo. Hakuwahi kugusa kitu cha ofisi kwa shida ya nyumbani kwake. Mafunzo ya kompyuta ya wiki moja waliyopewa kazini hayakuwa yamempotea yote. Akalitafuta faili kwa jina, akaliona. Kunakili alifundishwa pia, lakini kunakili hakukupenda hata kidogo. Aliwahi kuona faili la mstaafu mmoja likiwa mawili, na mzee wa watu akafa bado wanabishana lipi la kweli. Kwake yeye faili ni moja, linaazimwa na linarudishwa. Akabonyeza kuhamisha.

Kompyuta ikamjibu kwamba faili linatumika. Akageuka kutazama chumba. Viti vyote vilikuwa vitupu. Huenda mtu kaondoka bila kufunga kazi yake, uzembe wa siku hizi, akawaza. Akakifunga kidirisha cha ndege wa kijani, akajaribu tena, na faili likahamia kwenye flashi aliyopewa na fundi. Kisha akatoa kadi mfukoni, akaandika jina la faili, tarehe, saa saba na dakika ishirini, akatia saini na kuibandika kwenye skrini. Angelirudisha kesho mapema, kabla mtu hajalitafuta.

Saa tisa na nusu programu ilifunguka mezani kwa fundi. Binti alijaza fomu mbio mbio, baba akimsomea namba za vyeti. Alipobonyeza kitufe cha mwisho yakatokea maandishi: Imetumwa. Utaarifiwa itakapopokelewa. Binti akacheka, mara kicheko kikageuka kilio, akamwangukia baba yake begani. Bwana Kadi akampigapiga mgongoni. Alikuwa amekata tamaa siku nyingi bila kumwambia, na sasa aliona aibu kwa hilo.

Taarifa haikuja jioni ile. Asubuhi pia haikuwepo. Fundi alisema foleni ni kubwa, wasubiri.

Bwana Kadi aliwahi kazini, flashi mfukoni. Kwenye kaunta ya masjala alimkuta mtaalamu wa kompyuta wa jengo, macho mekundu, nguo za jana, ameshika kadi.

"Shikamoo, mzee wangu. Huu ni mwandiko wako?"

"Marahaba. Ni wangu. Nililiazima tu, hili hapa nimelirudisha."

Mtaalamu hakuipokea flashi. Aliisoma tena saa iliyoandikwa kwenye kadi.

"Kompyuta ile ndiyo inayopokea fomu za uuguzi za nchi nzima," alisema. "Tangu saa saba na dakika ishirini mpaka dirisha linafungwa, haikupokea fomu ya mtoto wa mtu yeyote."