Kifutio Apata Kazi

"Shemeji, mafundi wote waliojaa mtaa huu, umemwona huyu tu?"

Aliyesema hivyo, mdogo wa mume aliyefariki, alisimama mlangoni, leso puani, kama vile duka linanuka. Mjane aliipokea laptopu ya marehemu mumewe kutoka mkononi mwake, akaiweka mezani kwa fundi.

"Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, shemeji. Huyu hatarudia."

Fundi aliinamisha kichwa, asionekane macho. Ilikuwa siku nyingi tangu mtu amsemee neno jema. Mtaa ulimwita Kifutio, na watoto wa shule wakipita hapo walimpigia kelele: "Kifutio, nifutie hesabu nilizokosa!"

Kisa chenyewe kilikuwa cha kupepesa jicho. Alikuwa akiandika mfumo wa Linux kwenye flashi, na diski ya mpiga picha wa harusi ilikuwa imechomekwa papo hapo. Linux huzipa diski herufi kadiri inavyoziona. Iliyokuwa b asubuhi, mchana huenda ikawa c. Yeye akaandika b kwa mazoea, kumbe siku hiyo b ni diski ya harusi, akabonyeza. Amri ile ya mstari mmoja huandika juu ya diski nzima, wala haikuulizi kama una hakika. Harusi za watu zikaenda na maji.

Toka hapo wateja walimkimbia kama ukoma. Juzi mwenye fremu ya duka alikuja na kinyozi, wakapima ukutani pa kutundika vioo, yeye akiwa amekaa anawatazama.

"Kuna nini humu?" Kifutio aliuliza sasa, akiigeuza laptopu.

"Kaka yangu alijirekodi akiwa kitandani, mkewe huyu yuko pembeni," shemeji alisema. "Wosia. Nyumba iende kwa nani, watoto walelewe na nani. Tangu mazishi nailalia chini ya mto isiguswe na mtu, na sasa imegoma kuwaka. Wazee wanasubiri. Ukiufuta na huu, mzee, uhame mji."

"Hata ukipotea, mjomba, mimi sitakulaumu," mjane alisema. "Mashine ni mashine."

Kifutio alimshukuru kimoyomoyo. Aliitoa diski, akaichomeka kwenye kompyuta yake. Haikusomeka. Basi dawa ni moja: aandike flashi ya uokozi, laptopu iwake kwa flashi hiyo, diski isiandikwe hata herufi. Kabla ya yote akaanza kuichomoa diski.

"Mbona unaitoa?" mjane aliuliza. "Iache hapo hapo. Andika kwa ile amri yako ya mstari mmoja, si ndiyo ya haraka?"

"Kumbe wamekusimulia."

"Wamenisimulia."

"Basi mama, haraka hiyo ndiyo iliyonibatiza."

Amri ile alikwisha apa kutoigusa tena. Ipo programu yenye dirisha na vitufe, inayokuficha diski kubwa usije ukajikwaa. Hiyo aliipenda, lakini walioitengeneza waliitelekeza, na mashine mpya zilikuwa zikizitema flashi zake. Iliyobaki ni ile unayoiweka kwenye flashi mara moja, kisha mifumo unainakili ndani yake kama unavyonakili nyimbo. Nayo usipoihuisha, inakuumbua siku ya siku. Kifutio, asiye na mteja, aliihuisha kila lilipotoka toleo jipya, akaijaribu kwenye mabovu yaliyorundikana chini ya meza, kama mtu anayenoa panga katika nchi isiyo na msitu.

Leo msitu umekuja.

Alisoma kwa sauti jina la flashi na ukubwa wake. Akasoma tena. Akanakili mfumo wa uokozi, akalinganisha namba ya uhakiki ya nakala na ile ya watengenezaji, herufi kwa herufi, kidole kikitembea juu ya skrini.

"Unachunguza kama unaoza binti," shemeji alisema. Sasa alikuwa ameketi, leso imo mfukoni.

Mjane hakucheka. Alisokota pindo la mtandio wake huku midomo ikimchezacheza. Kifutio akaona: masikini, ananiombea.

Diski ikarudi ndani ya laptopu, flashi ikachomekwa ubavuni. Skrini ikawa nyeusi. Ikakaa nyeusi. Shemeji akaguna. Halafu mistari myeupe ikaanza kushuka, mmoja baada ya mwingine, na zana za uokozi zikaanza kuokota: faili moja, faili ya pili, folda nzima. Kifutio akabofya video.

Sauti ya mgonjwa ikajaa dukani, ikikatizwa na kikohozi: "...nyumba na wanangu wote, namwachia mdogo wangu. Mama yao arudi kwao."

Maneno yenyewe Kifutio hakuyashika. Alichosikia ni sauti safi, isiyo na mkwaruzo.

Shemeji alimrukia, akamkumbatia. "Nisamehe, mzee wangu! Kuanzia leo nitakutangaza mji mzima. Atakayekuita lile jina, mimi na yeye!" Akachukua nakala ya video kwenye flashi nyingine, akatoka mbio kuwapigia wazee simu.

Mjane alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani. Kifutio akamletea maji.

"Pole, mama. Sauti ya mwenzio, lazima ikuchome. Lakini imepatikana. Haikupotea hata neno."

Alikishika kikombe kwa mikono miwili, asinywe.

"Nilipita duka kwa duka, mjomba, nikiuliza ni fundi gani huharibu," akasema. "Wote walinielekeza kwako."